Alama za Usemi na Umiliki wa Sauti katika Nathari ya Kiingereza: Mifano ya Jane Austen na James Joyce

Kanuni ya kufundishia uandishi wa Kiingereza hueleza kwamba maneno yaliyofungiwa ndani ya alama za usemi ni ya mhusika, na yaliyo nje ni ya msimulizi. Uhakiki huu unadai kwamba kanuni hiyo haitoshi kuwa msingi wa kuamua nani anasema katika matini ya kibunilizi.

Katika riwaya ya Emma (1815), Bi. Elton anachuma stroberi huko Donwell. Maneno yake yamefungiwa ndani ya alama za usemi, lakini ni vipande vilivyotenganishwa kwa vistari virefu: vinaanza kwa kulisifu tunda na kuishia kwa kulalamikia jua na uchovu. Msimulizi anasema mazungumzo hayo yalichukua nusu saa, ilhali aya yenyewe husomwa kwa muda mfupi tu. Hivyo basi, alama hizo hazithibitishi unukuzi wa neno kwa neno. Zinafungia muhtasari wenye kejeli, ambamo sauti ya mhusika imepita mikononi mwa msimulizi.

Joyce alifuata njia nyingine. Alizikataa alama za usemi, akapendelea kistari kirefu mwanzoni mwa kauli. Kwa kuwa kistari hakina mwenzake wa kufungia, msomaji hulazimika kuamua mwenyewe kauli inakoma wapi. Hata hivyo, toleo la kwanza la Dubliners (1914), lililochapishwa London na Grant Richards, lilitumia alama alizozikataa. Vistari vilirejeshwa katika toleo la Robert Scholes la mwaka 1967.

Inaweza kupingwa kwamba uakifishaji ni kazi ya mchapaji. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa Austen, kwani muswada wa Emma haukusalimika. Hatuwezi kumhusisha mwandishi na kila alama. Lakini hoja hiyo inaongeza wajibu wa mtafiti, haiupunguzi. Anayejenga hoja kuhusu sauti katika Dubliners bila kutaja toleo alilolitumia anaweza kumhusisha Joyce na uamuzi wa mchapishaji wake.

Kwa hiyo, alama ya usemi ichukuliwe kuwa sehemu ya fani inayodai ushahidi: kwanza itambuliwe nani aliiweka, kisha ndipo ifasiriwe.