Sauti ya Ng'ambo ya Mto

Msomaji, ukikifungua kitabu cha Stephen Crane kiitwacho The Red Badge of Courage kwa kutaraji kukutana na majemadari, utakuwa umekosea mlango. Wa kwanza kutenda jambo humo ni askari mrefu aliyekwenda kufua shati, akarudi mbio na uvumi kwamba kesho jeshi litaondoka. Kesho ikafika, jeshi lisiondoke. Hivyo ndivyo Crane anavyotuingiza katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865: kwa shati, matope, na porojo za kambini.

Jambo hili lastahili sifa, hasa ukikumbuka kwamba mwandishi alizaliwa 1871, vita vikiwa vimekwisha, na kwamba kitabu kilipotoka 1895 alikuwa hajapata kuona vita kwa macho yake. Mtazame mama yake Henry Fleming, kijana ambaye hadithi yamhusu. Henry amwaga mamaye akingoja maneno makubwa. Mama aendelea kumenya viazi, na kumweleza habari ya jozi nane za soksi alizomfumia. Nimesoma kurasa nyingi za vita zisizo na ukweli wa viazi vile.

Lakini sehemu ninayotaka uisome mara mbili ni fupi mno. Usiku mmoja Henry yu zamu kando ya mto, na ng'ambo yuko askari wa Kusini, adui yake, naye yu zamu. Wanasemezana. Yule adui amsifu Henry kuwa ni mtu mwema, na kwa kitambo Henry ajuta kuwa kuna vita. Je, ni ndoto ya mwandishi? La. Katika majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863, majeshi mawili yalipokabiliana kwenye mto Rappahannock, jimboni Virginia, askari walitengeneza vimashua vya mbao vyenye tanga na kuvivusha maji. Kutoka Kaskazini ilikwenda kahawa, maana manowari za Kaskazini zilikuwa zimezifunga bandari za Kusini; kutoka Kusini ilirudi tumbaku, zao kubwa la Virginia. Wakubwa walikataza, na biashara ikaendelea.

Baada ya usiku ule Crane amfunika adui kwa moshi, mpaka karibu na mwisho, mateka wanne wanapopewa tena nyuso. Huenda ukaliita hili kasoro. Mimi silioni hivyo. Henry ameshikwa na hofu, na mwenye hofu haoni nyuso. Hata jeraha alipatalo halitoki kwa adui, bali kwa kitako cha bunduki ya mwenzake anayekimbia kama yeye.

Lawama yangu i mahali pengine. Katika kurasa za kwanza, mwendesha magari mmoja, mtu mweusi, anacheza juu ya kasha la biskuti huku askari wakimshangilia. Uvumi ufikapo, wote wamwacha. Aketi kwa huzuni. Crane hamrudii tena. Na vita vile chanzo chake kilikuwa utumwa wa watu weusi karibu milioni nne, na kabla havijaisha weusi wapatao 180,000 walitumikia jeshi la Kaskazini! Kahawa na tumbaku zaonyesha jinsi askari wa pande mbili walivyofanana; walichogombania hazikionyeshi. Kitabu ni chema, nami nitakisoma tena. Ila kila nifikapo kwenye kasha lile, hutamani mmoja wa askari wale amsemeshe yule bwana, kama Henry alivyosemeshwa kutoka ng'ambo ya mto.