Mali Kauli: Hesabu ya Gauni Lililo Kwenye Duka la Mwenzako

Chuo Kikuu Mzumbe kiko chini ya milima ya Uluguru, kilomita 20 na ushei kutoka Morogoro mjini, jirani na barabara kuu iendayo Iringa. Mteja mkubwa wa nguo eneo hilo ni mwanafunzi, na mfuko wa mwanafunzi hufuata ratiba ya Bodi ya Mikopo: boom, yaani fedha ya mkopo, likiingia ananunua, likikata anaangalia na kupita. Muuza duka mwenye mtaji mdogo hawezi kujaza nguo kwa fedha taslimu akaisubiri siku hiyo. Fundi cherehani wa mjini, kwa upande wake, ana nguo lakini hana fremu karibu na chuo. Watu wa aina hii nchini kote hukutana kwenye mali kauli: nguo inatundikwa leo, inalipwa ikishauzwa, na isiyouzika inarudi kwa mwenyewe.

Sharti hilo la kurudisha ndilo linaloitenga mali kauli na mkopo. Katika karne ya 19 tajiri wa Zanzibar, Tharia Topan, alimkopesha mfanyabiashara wa misafara, Tippu Tip, ili aende bara kutafuta pembe za ndovu. Safari ikienda vibaya, deni lilibaki shingoni mwa aliyekopa. Kwenye mali kauli, hasara ya nguo isiyopata mnunuzi humwangukia aliyeitoa. Kwa hiyo anayetoa mzigo hana budi kupiga hesabu vizuri kabla ya kuuachia.

Tuseme fundi anapeleka magauni 20, kila moja limemgharimu shilingi 18,000. Anaweza kupatana na muuza duka kwa kamisheni: katika kila mauzo, asilimia 20 ni ya duka. Gauni likiuzwa 30,000, duka linabaki na 6,000 na fundi anapata 24,000. Au anaweza kutaja bei yake tu, "mimi nataka 24,000", na cha juu kiwe cha muuzaji. Hapo mapato ya fundi ni yaleyale. Lakini bei dukani hupatanwa na kila mteja. Gauni likiuzwa 35,000, kamisheni inampa fundi 28,000, ila aliyezipokea noti ni muuzaji peke yake. Akisema mteja alibembeleza mpaka 25,000, fundi atapokea 20,000 na hana pa kuhakikisha. Fundi akitaja bei yake ya chini, swali hilo linakufa: anahesabu yaliyobaki kwenye henga, na kila lililoondoka anadai 24,000. Huo ni ukaguzi unaowezekana bila kushinda dukani, na kwa mtu aliye mbali na kaunta ndiyo njia bora.

Njia hiyo nayo ina ubaya wake. Muuzaji ambaye hakuweka senti kwenye mzigo anaweza kung'ang'ania cha juu kikubwa, akamwachia mteja wa 27,000 aende zake huku akimsubiri wa 40,000. Gauni likilala miezi mitatu yeye hapotezi kitu. Fundi ndiye anayekosa fedha ya kitambaa kingine.

Namna wafanyabiashara wanavyopambana na tatizo hili la mzigo kulala imeandikwa vizuri na Sayaka Ogawa, mwanaanthropolojia wa Kijapani aliyeanza utafiti wake Mwanza mwaka 2001 na kuuza mitumba mitaani yeye mwenyewe. Huko mabosi wa jumla walifungua marobota, wakachambua nguo kwa gredi, kisha wakawagawia wachuuzi kwa mali kauli. Bei haikuwa msumari: mchuuzi alirudi na zilizokataa, akaomba apunguziwe, na siku mbaya akaomba hata hela ya kula. Bosi alikubali mengi ya hayo kwa sababu alihitaji mchuuzi arudi kesho. Lakini mabosi na wachuuzi wa Mwanza walionana mara kwa mara. Fundi anayepanda gari kwenda Mzumbe mara moja kwa wiki mbili hana nafasi ya kupatana upya kila jioni, kwa hiyo anahitaji tarehe ya kurudisha.

Tarehe ina uzito hata mahakamani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaitambua bidhaa iliyotolewa kwa sharti la kuuza au kurudisha. Inabaki mali ya aliyeitoa mpaka mpokeaji aonyeshe kuwa ameikubali, au atende jambo la kuifanya yake, kama kuiuza. Akikaa nayo kupita muda waliokubaliana bila kusema anaikataa, inahesabika ameinunua. Wasipoweka muda, mahakama hutazama muda unaofaa, na hapo kila upande una hoja yake. Mwenye fremu akifunga duka kwa kodi ya pango isiyolipwa, au mdai mwingine akija kubeba vitu, mstari mmoja wa daftari wenye idadi, bei ya chini, tarehe ya kurudisha na sahihi mbili unaweza kuokoa magauni yote 20.

Kwa Mzumbe tarehe hiyo tayari imo kwenye kalenda ya chuo. Mzigo uingie kabla ya boom, nusu ya muda ikipita fundi ashushe bei yake kwa yaliyobaki, na yasiyouzika yachukuliwe kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, yakauzwe mjini ambako wateja hawaendi likizo.