Prado ya Zamani Kati ya Dzaleka na Lilongwe: Hesabu ya Kuliinua Gari

Mwenye gari akitaka kuliinua, kitu cha kwanza anachomuuliza fundi ni bei ya springi. Kwa Prado ya 1997 au 1999 inayofanya kazi kati ya Dzaleka na Lilongwe, swali hilo huja mapema mno. Kabla ya bei kuna mambo mawili ya kupima: gari limeshuka kiasi gani tangu litoke kiwandani, na linazama kiasi gani likiwa na mzigo wake wa kila wiki. Vipimo hivyo viwili ndivyo vitakavyosema fedha ziende wapi, na mara nyingi haziendi pale mwenye gari alipodhani.

Naanza na mzigo, maana ndio unaolifanya gari hili lihitaji kuinuliwa. Dzaleka ipo wilaya ya Dowa, kilomita 45 hivi kaskazini mwa Lilongwe. Palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka, mwisho ukiwa tarehe 15 Aprili. Aliyekuwa na duka mjini akalazimika kuanza upya kambini, ambako gunia la sukari na dumu la mafuta ya kula lazima vifuatwe mbali. Prado ya viti saba ikiondolewa viti vya nyuma hugeuka lori dogo. Sehemu kubwa ya safari ni lami ya barabara kuu ya M1. Taabu iko mwisho wa njia, kwenye udongo ambao mvua za Novemba hadi Aprili huuchimba mitaro.

Prado za familia ya 90, zilizotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, zina miguu ya aina mbili. Mbele kila gurudumu linajitegemea: mkono wa juu, mkono wa chini, na shokapu iliyozungukwa na springi kati yao. Nyuma kuna ekseli moja nzima yenye difu katikati, imekalia springi mbili za koili na kushikiliwa na fimbo za urefu pamoja na fimbo moja iliyokingama. Ukiinua bodi kwa milimita 50, difu ya mbele hupanda pamoja na chesisi. Difu ya nyuma haipandi hata milimita moja, kwa kuwa imo kwenye ekseli, na ekseli imebebwa na matairi. Jiwe lililoigonga jana litaigonga na kesho. Wapo wanaomaliza akiba yao yote kwenye springi wakitarajia difu ya nyuma ipande, na hakuna aliyewaambia mapema kwamba haitapanda.

Difu ya nyuma huinuliwa na tairi peke yake. Saizi ya kawaida ya magari haya ni 265/70R16, yenye kipenyo cha mm 777. Tairi ya 265/75R16 ina mm 804. Nusu ya tofauti hiyo, mm 13, ndiyo nafasi inayoongezeka chini ya difu. Malipo yake ni kwamba tairi huanza kukwaruza plastiki za ndani ya madigadi gari likikata kona, na spidomita husoma pungufu kwa asilimia 3 na zaidi. Kwa njia hii ningebaki na saizi ya kiwandani, fedha nikazitia kwenye tairi zenye meno ya kushika tope. Kazi ya springi ni nyingine: kuziokoa bampa, ngazi za pembeni na tangi gari linapoingia na kutoka mtaroni, na kuuzuia mgongo usilale mzigo ukipanda.

Kupima ni rahisi na hakuna gharama. Liweke gari mahali tambarare, tangi likiwa limejaa, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakupotosha. Andika pembe zote nne. Kisha pakia mzigo wa kawaida, mzigo halisi wa siku ya soko, upime tena. Pembe moja ikipishana na mwenzake kwa mm 20, hapo kuna springi iliyochoka au iliyokatika mkia, na haifai kuificha kwa spesa. Kama springi zimepoteza mm 25 kwa uzee, springi mpya za kimo cha kiwandani zitazirudisha mm 25 hizo bila kubadilisha pembe ya kiungo chochote. Huo ndio mwinuko wa bei nafuu kuliko yote, na kwa magari mengi ya umri huu unatosha kuwa nusu ya safari.

Sasa hesabu ya mzigo. Chukua kilo 400 zinazoangukia ekseli ya nyuma, sawa na magunia manane ya kilo 50. Ikiwa kila springi inahitaji nyutoni 20 kushuka milimita moja, springi mbili zitashuka pamoja karibu mm 98. Springi nzito zaidi, ya nyutoni 28 kwa milimita, itashuka mm 70. Umeokoa mm 28 pale unapozihitaji, mzigo ukiwa mgongoni. Spesa iliyopachikwa juu ya springi ile ile ya zamani haiwezi kufanya hivyo. Gari tupu litapanda, watu watalisifu, lakini magunia yakiingia litashuka mm 98 zile zile. Ndiyo maana kwa gari la kazi naipima springi ya nyuma kwa kimo chake likiwa limepakiwa. Kimo cha gari tupu ni picha tu. Ambaye safari zake nusu ni tupu na nusu zimejaa anaweza kubaki na springi laini kiasi, akaingiza ndani yake mifuko ya hewa inayojazwa kwa pampu siku ya mzigo. Ni njia nzuri, mradi mifuko isikwaruzwe na mawe.

Mgongo unaozama una madhara ambayo dereva mwenyewe hayaoni. Prado ya milango mitano ina mm 2,675 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nyuma ikishuka mm 98 kuliko mbele, mwanga wa taa umbali wa mita 50 hupanda karibu mita 1.8. Anayekuja mbele yako M1 usiku, akiwa juu ya baiskeli yenye mkaa, haoni kitu. Springi sahihi za nyuma hupunguza hilo, na taa lazima zielekezwe upya baada ya kazi, gari likiwa na mzigo wa wastani.

Mbele ndiko fedha zinakoliwa kimyakimya. Shokapu imeegemea katikati ya mkono wa chini, kwa hiyo spesa ya mm 25 iliyowekwa juu yake huinua gari kama mm 50. Urahisi huo huwavutia watu waongeze. Lakini kila milimita inayoongezeka huzidisha pembe ya shafti za mbele, na Prado nyingi za familia hii huendesha magurudumu manne muda wote, kwa hiyo viungo vya shafti hizo vinazunguka chini ya nguvu hata kwenye lami kavu. Buti za mpira zilizozeeka hupasuka kwenye mikunjo, grisi inatoka, mchanga unaingia. Mm 40 hadi 50 juu ya kimo cha kiwandani ndio mpaka ambao sitauvuka bila kubadilisha mikono ya juu, na ukishafika kwenye mikono ya juu bajeti imekuwa kitu kingine kabisa.

Pembe za magurudumu nazo hubadilika. Usukani huwa mwepesi kupita kiasi na kuzubaa katikati, na tairi huanza kulika upande. Dawa ni wili alaimenti, inayofanywa kwa kuzungusha boliti zenye kichwa cha umbo la yai kwenye mizizi ya mikono ya chini. Katika gari la miaka 25 boliti hizo mara nyingi zimegandana na chuma cha ndani ya bushi kwa kutu. Zikigoma, fundi atazikata, na hapo utanunua boliti na bushi mpya ambazo hukuzipangia. Mwambie azijaribu kabla hujanunua hata springi moja. Jaribio hilo la robo saa limeokoa bajeti nyingi.

Wakati gari liko juu ya jeki, itazame boljointi ya chini. Mwaka 2005 Toyota iliyaita gereji kwa maelfu magari ya Tacoma na 4Runner nchini Marekani kwa sababu ya boljointi hiyo. Mpangilio wa mbele wa Prado 90 na Hilux Surf ni wa ukoo huo huo. Uzito wa gari huivuta boljointi kama anayetaka kuing'oa, na ikiachia, gurudumu hulala chini ya bampa. Hiki ni kifaa cha kununua kipya na chenye ubora wa kiwandani. Springi ya mtumba kutoka Japani unaweza kuipima urefu na unene ukaridhika. Boljointi na shokapu za mtumba usiziguse.

Nyuma kuna hofu moja ninayoweza kuiondoa. Watu huuziwa fimbo ya kukingama ya kurekebika kwa maelezo kwamba kuinua gari kutaisukuma ekseli upande. Ni kweli inasogea, lakini kiasi gani? Fimbo ya mm 900 iliyolala usawa, ikiinuliwa upande mmoja kwa mm 50, huivuta ekseli kwa milimita moja na nusu. Hata kama ilikuwa imeinama tangu mwanzo, ni milimita chache tu. Fedha hizo ziende kwenye mipira ya breki, ambayo ikivutika gari likining'inia mtaroni inaweza kukatika, na kwenye vali ya breki za nyuma kwa magari yaliyo nayo. Vali hiyo imeunganishwa na ekseli kwa kijiti na husoma mzigo kwa kimo. Ukiinua bodi bila kukirekebisha kijiti, vali hudhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu, huku nyuma yako kuna nusu tani ya mahindi. Bamba dogo la chuma lililochomelewa vizuri linamaliza tatizo.

Sasa fedha. Kazi hii ina gharama za aina mbili. Ufundi hulipwa kwa kwacha na hupanda polepole. Spea hutoka nje na hufuata dola. Mei 2022 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25. Novemba 2023 dola ikapandishwa kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa uamuzi mmoja. Tuseme seti ya springi na shokapu ni dola 600: jioni moja ni kwacha 708,000, siku iliyofuata ni 1,020,000. Tangu hapo bei ya dola mitaani imezidi kuiacha mbali ile ya benki, na muuza spea hupanga bei yake kwa ile ya mitaani. Kwa hiyo sipendi mpango wa kununua kipande kimoja kila mwezi. Kusanya fedha, ununue vya kutoka nje vyote kwa mkupuo, na ufundi ufuate.

Kwa bajeti ndogo ninaigawa hivi: theluthi ya kwanza kwa vilivyochoka, yaani bushi, boljointi, tairodi, buti za shafti na mipira ya breki, theluthi ya pili kwa springi na shokapu zenye urefu unaolingana nazo, inayobaki kwa ufundi, alaimenti na akiba. Akiba isipungue sehemu moja ya tano ya jumla. Theluthi ya kwanza ikizidi, punguza mwinuko. Usipunguze boljointi. Anayeagiza Kariakoo, Dar es Salaam, aongeze nauli ya mzigo hadi mpaka wa Songwe na ushuru wa Mamlaka ya Mapato ya Malawi (MRA), ambao watu wengi huusahau kwenye karatasi.

Mpangilio wa siku nao una uzito kwa mkazi wa Dzaleka. Malawi iliweka mipaka yake kwenye mkataba wa wakimbizi wa 1951, ukiwamo uhuru wa kwenda utakako, na kutoka kambini kwahitaji ruhusa. Gari likibaki juu ya matofali Biwi, mjini Lilongwe, likisubiri bushi moja, mwenye nalo hawezi kwenda kulisimamia kila siku. Kufungua, kubadilisha bushi na kufunga springi kunaweza kufanywa na mafundi wazuri wa kambini. Mashine ya alaimenti, taa na ukaguzi wa cheti cha kufaa barabarani vipangwe kwa safari moja ya mjini, spea zote zikiwa zimeshafungwa.

Boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwenye kimo kipya. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi hubaki umejisokota maisha yake yote na kuchanika mapema. Baada ya kilomita 500 hivi, springi zikiwa zimekaa, pima tena pembe zote nne, kaza boliti zote upya, na ndipo upeleke gari kwenye alaimenti.