Fanani Asiyetajwa: Umiliki wa Utunzi katika Nyimbo za Obokano

Uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kushikilia kwamba kazi simulizi ni mali ya jamii. Kauli hiyo ina ukweli, lakini imetumiwa kupita kiasi. Mtafiti anayefika Masimba, katika nchi ya Abagusii, akarekodi wimbo wa obokano na kuuingiza katika tasnifu kwa anwani "Wimbo wa Abagusii," huwa ametoa hukumu ya kihakiki na papo hapo kumpokonya mtu haki. Makala haya yanadai kwamba kinga ya kwanza ya mtunzi simulizi ni kutajwa jina lake, na kwamba wanaoivunja kinga hiyo mara nyingi ni sisi wahakiki.

Obokano ni ala ya nyuzi nane, ndugu ya nyatiti ya Waluo, ila ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito. Mpigaji ndiye mwimbaji. Methali anazozitumia ni urithi wa wote, na huenda hata lahani aliirithi. Hata hivyo, uteuzi wa tukio, mpangilio wa beti na kejeli inayolenga hadhira iliyo mbele yake ni kazi ya akili moja. Mapokeo hayafuti utunzi, huupa malighafi.

Sheria za Kenya zinalipa suala hili uzito. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hutaka kazi iwe imeandikwa au kurekodiwa ndipo ilindwe, na humtambua aliyefanya mipango ya kurekodi kuwa mwenye rekodi ya sauti. Haki ya mtunzi wa muziki hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa upande mwingine, Sheria Nambari 33 ya 2016 hulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni kwa niaba ya jamii. Fanani aliyenyimwa jina huanguka katikati: rekodi ni ya mwingine, wimbo umeitwa wa jamii, na wanawe hawana pa kuanzia madai.

Huenda ikasemwa kwamba kudai jina ni kuipachika fasihi simulizi desturi ya maandishi. Pwani inatupa jibu. Mwana Kupona alijitaja, pamoja na mwaka wa utunzi, ndani ya utenzi wake wa 1858. Lakini tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, ziliishi kwa muda mrefu vinywani mwa watu wa Mombasa kabla ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor kuzikusanya, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Tungo hizo zilipokezanwa kwa mdomo bila kutengwa na mwenyewe. Usimulizi, basi, si sababu ya kumsahau mtunzi.

Hatuna budi kuanzia nyanjani. Kila matini iandamane na jina la fanani, mahali na tarehe ya utendaji, pamoja na maneno yake katika Ekegusii. Ridhaa yake iandikwe, naye aachiwe nakala ya kanda. Pale fanani anaposema wimbo aliupokea kwa mwingine, huyo naye atajwe. Tasnifu isiyotimiza hayo isipokelewe, hata kama uchambuzi wake ni mzuri. Mhakiki anayekula kwa jasho la fanani asimwache bila jina.