Picha Yangu Nitaiona Lini?

Ukitafuta picha za Diani mtandaoni, utamwona ngamia kabla hujamwona Mdigo. Baada ya ngamia ni mnazi ulioinama, kisha dau lililopigwa jua likiwa nyuma yake hadi likawa jeusi tititi. Nimekuwa nikifuatilia akaunti za wapiga picha vijana wa Ukunda, Diani na Msambweni. Wengi si watu wa biashara. Wana kazi zao nyingine, na kamera wanaibeba wikendi kwa kupenda tu. Ufundi wanao. Upeo wa bahari umenyooka, rangi zimekaa, anga haijaungua. Lakini ficha majina ya akaunti uone kama utajua nani kapiga ipi. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Watu husema shida ni utalii. Sioni hivyo. Utalii umelisha nyumba nyingi huku, na kamera kadhaa zimenunuliwa kwa hela yake. Malalamiko yangu ni madogo kuliko hayo: aliye ndani ya picha hakuiagiza.

Linganisha na picha za feri ya Likoni. Miaka ya tisini, ukivuka kwenda au kutoka Kwale ulipita vibanda vya wapiga picha karibu na kivuko. Nyuma kuna pazia lililochorwa meli, ndege, maghorofa. Pembeni maua ya plastiki. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja Mombasa kutafuta riziki, na picha ikatumwa nyumbani. Heike Behrend, mwanaanthropolojia Mjerumani, aliziandikia makala kwenye jarida la African Arts mwaka 2000, na ndiyo sababu zinajulikana hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga Likoni.

Ni rahisi kuzitazama na kuona ndoto za mtu asiye na nauli ya ndege. Mimi namwona mteja. Yeye ndiye aliyechagua ndege badala ya meli, akaamua miwani ivaliwe au ishikwe mkononi, akalipa, akangoja picha yake isafishwe. Mpiga picha alikuwa fundi, kama fundi cherehani, na fundi cherehani hakushonei anachopenda yeye. Ndiyo maana nyuso za Likoni zina ule ukali wa mtu aliyejiandaa. Halafu Agosti 1997 vurugu zikazuka, kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, watu wa bara wakakimbia kwa maelfu. Ukijua hilo, ile meli iliyochorwa nyuma ya kijana mwenye shati la kukopa haichekeshi tena.

Ng'ambo ya maji, kisiwani, N. V. Parekh alikuwa na studio tangu miaka ya 1940. Taa zake zina sinema ndani: shavu limeng'aa, nusu ya uso imezama gizani, macho yanatazama mbali kana kwamba kuna mtu anakuja. Zile picha leo zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa ng'ambo, na zinastahili. Ila kumbuka zilipigwa ziende nyumbani. Kwa familia nyingi za Waislamu pwani, picha ya mwanamke ni kitu cha ndani. Hutolewa kwenye albamu kwa mgeni anayehusika, kisha albamu inafungwa. Mwenye picha ndiye aliyeamua nani aone. Hebu niambie, ni nani anaamua sasa?

Bendi za hoteli ndipo jambo hili linapoonekana vizuri. Them Mushrooms, kundi lililoanzia Mombasa miaka ya sabini, walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na bendi za hoteli hazijaweza kuikwepa tangu hapo. Nimezipiga bendi hizi mara nyingi. Taa zimewekwa kwa ajili ya meza za chakula, si kwa ajili ya mpiga besi. Unapandisha ISO hadi 6400, picha inajaa chembechembe, kila mara mhudumu anakatiza na sinia. Kwa hiyo wapiga picha wengi hukimbilia mwimbaji, kwa sababu yeye ndiye aliyemulikwa. Pitia kurasa zao: mdomo wazi, mkono juu, taa nyekundu, basi. Mpiga besi amepiga gitaa hoteli zile miaka na miaka na hana hata picha moja ya kuwaonyesha wanawe. Hapo ndipo ninapomaliza subira na wenzangu, maana hilo si suala la lenzi. Ni la kuzunguka nyuma ya jukwaa na kumuuliza mtu anataka aonekaneje.

Gazi hali ni ileile, ila kwa upole zaidi. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni, na kamera hazikauki pale. Picha inayorudiwa ni mkono wenye tope umeshika mche. Mkono umekuwa maarufu. Uso wake hatuujui. Kule Msambweni, mahali samaki wanapopakuliwa, mzee mmoja alinitazama nikirekebisha kamera, tukasalimiana vizuri, shikamoo na marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na mimi nitaiona lini?" Sijawahi kusikia swali la uhakiki lililo bora kuliko hilo.

Kuna sheria, ndiyo. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Vijana walishtuka, siku hizi wanaomba ruhusa, na hiyo ni poa. Lakini ruhusa siyo agizo. Anayeruhusu anakuachia picha yako. Anayeagiza anaisubiri yake, na akiisubiri atasimama tofauti.

Picha niliyoipenda kuliko zote mwaka huu haina bahari. Ni ya kijana wa Msambweni, nitamwacha bila jina. Mpiga ngoma wa bendi ya hoteli yuko kwenye lango la wafanyakazi, saa kumi hivi jioni, shati la maua limepigwa pasi, viatu vya jukwaani viko kwenye mfuko wa plastiki, miguuni kavaa sandali. Anatazama kamera moja kwa moja, kidevu juu kidogo, kama wale wa Likoni. Kivuli cha lango kimemkata begani, kosa ambalo mwalimu wa picha angelikemea. Ilipata likes kumi na tisa. Mpiga ngoma mwenyewe aliichapisha dukani Ukunda, saizi ya kutundika, na akaomba nyingine ndogo ya mamake.