Swali la Pili la Katekista

Kisheria, mwenye dhamana ya mafundisho ya dini katika parokia ya Kikatoliki ni paroko. Lakini ukitaka kujua ni nani anayemfahamu kila mtoto wa komunyo ya kwanza, mama yake na kigango anakotoka, muulize katekista. Paroko huhamishwa, katekista, hasa vijijini kwetu Tanzania, huzeekea palepale akiwafundisha watoto wa wale aliowafundisha.

Ufundi wake naupenda zaidi anapouliza swali la pili. La kwanza halina kazi. "Sakramenti ziko ngapi?" Darasa zima: "Saba!" Wanazitaja zote bila kukosea, na mwalimu mchanga angeridhika hapo. Katekista niliyemtazama Jumamosi moja alisogea hadi benchi la nyuma, akamwambia mvulana mmoja: "Umemwibia mwenzako kalamu. Umekwenda kuungama, padre amekuondolea dhambi. Kalamu sasa ni ya nani?"

"Yangu, si nimeshasamehewa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mzee yule hakucheka, wala hakumsahihisha. Alimgeukia msichana aliyekaa karibu: "Na kama kalamu ilikuwa yako wewe?" Ubishi ukazuka. Akauacha uendelee mpaka watoto wenyewe wakakubaliana kwamba kalamu lazima irudi kwa mwenyewe. Ndipo akafungua katekisimu.

Subira hiyo haionekani kwenye ripoti yoyote ya parokia. Kinachoonekana ni ratiba, nayo ina ufundi wake. Watu wazima hubatizwa Mkesha wa Pasaka, kwa hiyo katekista huupanga mwaka kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka usiku huo. Pasaka yenyewe haitulii: huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Tena sehemu nyingi za nchi Kwaresma hukutana na kilimo, na wakatekumeni wake wako shambani. Anayeijua kazi hawaiti watoro. Huhamishia kipindi jioni, au huwafuata kwenye jumuiya. Bibi asiyejua kusoma humfundisha kwa mdomo, sala moja moja, bila kumpunguzia chochote katika maana.

Juu ya hayo ana walimu wa vigango wa kuwalea, wengi wao wa kujitolea. Makosa yao huyasemea nje, darasa likishatawanyika.

Kazi hii ina wakubwa wake. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani angali mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, alikombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta, kisha akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu na kufundisha dini huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya ukatekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Nilifurahi. Ila bado wako makatekista wanaoishi kwa posho isiyotosha hata nauli ya kuzungukia vigango, huku parokia ikichangisha mamilioni ya mnara. Hilo naliona ni kosa, na walei tunaweza kulirekebisha wenyewe katika bajeti.

Halafu kuna rejesta. Ubatizo ukishaandikwa, kipaimara na ndoa huongezwa baadaye kwenye kumbukumbu ya ubatizo wa mtu huyohuyo, hata kama amefunga ndoa parokia ya mbali. Jina la baba likikosewa leo, kijana atakuja kuhangaika miaka ishirini baadaye akitafuta cheti cha kufungia ndoa. Kwa hiyo, kabla orodha haijapelekwa kwa paroko itiwe saini, katekista makini huwaita wazazi na wasimamizi mmoja mmoja, huwasomea kila jina kwa sauti, na panapo shaka hutaka kuona kadi ya kliniki ya mtoto.