Saa Iliyochorwa Upande Mmoja

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, aliniletea hapa Mukendo kitabu cha Kiingereza kiitwacho Brain on Fire, akaniambia, "Baba, kisome polepole." Nimekisoma mara mbili.

Mwandishi wake, Susannah Cahalan, alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la New York Post. Mwaka 2009, akiwa na miaka 24, alianza kuamini kwamba kunguni wanamuuma. Akakosa usingizi, akawashuku jamaa zake, kisha akashikwa na kifafa. Daktari mmoja alishikilia kwamba ni pombe tu.

Ninachokisifu zaidi katika kitabu hiki, kilichotoka mwaka 2012, ni uaminifu wake. Mwezi ule wa hospitali mwandishi haukumbuki, wala hajifanyi anaukumbuka. Ameufuatilia katika majalada ya madaktari, picha za video na daftari la baba yake, kama mtu anayepeleleza habari za mtu mwingine.

Kisha inakuja saa. Daktari Souhel Najjar, mzaliwa wa Syria (ambaye utotoni walimu walimwona mzito wa kufahamu, nasi walimu tuinamishe vichwa), alimwambia achore uso wa saa. Binti akazipanga namba zote upande wa kulia. Ubongo wake ulikuwa umevimba upande mmoja, kwa kuwa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, ilikuwa imeugeukia. Ugonjwa huo Daktari Josep Dalmau na wenzake waliueleza mwaka 2007, miaka miwili tu kabla. Akatibiwa, akarudi kazini.

Lakini nina lawama. Wasomaji huisifu saa ile kana kwamba ndiyo iliyomponya. Penseli na karatasi hata shule yangu ilikuwa navyo. Kuuthibitisha na kuutibu ugonjwa kulihitaji kipande cha ubongo, maji ya uti wa mgongo, maabara ya mji mwingine, na gharama ya kama dola milioni 1. Hapo mwandishi anapita upesi mno. Wala msomaji asidhani kila mwenye wazimu ana ugonjwa huu; walio wengi hawana.

Sisi wa kando ya ziwa tunajua kwamba malaria ikipanda kichwani mtu huropoka. Darubini isipoona malaria, ndipo tunaposema karogwa, au bangi, au pombe.

Mwaka 1994 nilikuwa na mwalimu kijana, mwanamke wa miaka 23, aliyefundisha darasa la tano. Alikesha siku nyingi. Akasema watoto wanaandika habari zake katika madaftari ya hesabu. Mdomo ukawa unampinda, mkono ukamruka wenyewe. Sijui alikuwa na ugonjwa gani, na sasa hakuna wa kupima. Kaka zake walikuja na lori la pamba wakamchukua. Nakala ya taarifa yangu kwa wakubwa ninayo bado. Penye sababu niliandika kwa mkono wangu: ulevi. Hakuna aliyewahi kumwona akinywa.